Mama Yao Iko Sawa?

Kwa miaka thelathini na moja nilifundisha Kiingereza katika shule za msingi upande wa Onduparaka, na kama kuna neno nililolikata kwa wino mwekundu kuliko yote, ni lile la herufi nne ambalo wenyewe wanaliandika "same" na sisi huku Arua, Uganda, tunalitamka semu. Watoto wangu walikuwa wakiliandika mara mbili mbili. Mimi na dada yangu tunasoma shule semu semu. Jana tulikula chakula semu semu. Nikiona hivyo damu inapanda. Ninalikata lile la pili, nachora duara, naandika pembeni: moja linatosha! Nilikuwa mkali, siwezi kudanganya. Waliopita mikononi mwangu, wakikutana nami sokoni hadi leo, wananyoosha mgongo kwanza ndipo wanaamkia.

Sasa siku moja msichana wa darasa la nne akainua mkono. Nilikuwa nimeandika ubaoni sentensi ya Kiingereza kwamba wavulana wawili wamevaa shati semu. Akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, hilo shati ni moja au ni mawili?"

Darasa likacheka. Wawili wa nyuma wakaanza kuigiza watu waliobanana ndani ya shati moja, kichwa huku na kichwa huku, wanagombea mkono. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Basi nikafanya wanachofanya walimu wasio na jibu: nikamwambia akae chini, aache utundu. Alikaa. Lakini swali lake halikukaa, nalo ndilo nimetembea nalo mpaka nywele zikawa nyeupe.

Ukweli ni kwamba neno lenyewe lilikuwa limeshanichezea hata kabla ya hapo. Nikiwa bibi harusi mpya, marehemu mume wangu alipata kazi Morogoro, tukakaa huko miaka sita. Wiki ya kwanza tunapita stendi, nikaona basi limeandikwa mbele kwa herufi kubwa: Same. Mimi na Kiingereza changu kichwani, nikamvuta mkono. "Hili basi," nikamwambia, "linakwenda kulekule lilikotoka?" Mume wangu alicheka mpaka akashika nguzo. Kumbe Same ni mji, uko njia ya kwenda Moshi, watu wanakaa huko wanalima na kuoa. Tangu siku hiyo, nikimuudhi, alikuwa akinisogelea na kusema, "Wewe Same, ongeza herufi mbili." Yaani niseme samehe. Na mimi nilikuwa mgumu wa kuongeza hizo herufi mbili, Mungu ananijua.

Nilipostaafu nikarudi kwenye nyumba yetu ya Awindiri, hapahapa Arua, nikaona siku ni ndefu, nikanunua daftari. Nikasema sasa nitakaa nilichunguze hili neno kama mtu anayechambua mchele. Kila nikilisikia nililiandika. Mwuza mitumba ananiambia, mama, chukua hii blauzi, ni semu na ile uliyochukua mwezi jana. Ananionyesha nyingine kabisa, yenye vifungo vya njano, ila imetoka robota lilelile. Kwake yeye, kutoka robota moja ni kuwa kitu kimoja. Mashabiki wa mpira wa Onduparaka wanashuka barabarani wamenuna, ukiwauliza vipi leo, wanajibu semu. Yaani tumefungwa tena, usiendelee kuuliza. Binti wa duka la dawa ananiambia mama, endelea na dawa semu. Hapo ni zilezile, wala si za kufanana nazo. Ukimeza za kufanana utajuta. Na nikimtakia mtu siku njema, ananirudishia "semu kwako," salamu yangu mwenyewe narudishiwa hata haijapoa.

Nikagundua jambo. Waingereza wamechukua vitu viwili wakaviweka katika mfuko mmoja. Kuna kile kilicho kimoja, na kuna vile viwili vinavyofanana. Kiswahili nilichokikuta Morogoro kinavitenga: shati lilelile ni hilo moja, shati kama lile ni jingine. Hakuna ugomvi. Yule msichana wangu angeuliza kwa Kiswahili hicho asingehitaji hata kuinua mkono.

Lakini Kiswahili chetu cha huku ni kingine. Hiki kililetwa na askari na wafanyabiashara, kikavuka Kongo kikarudi, ni Kiswahili cha kubeba mizigo, hakina nafasi ya ngeli. Iko inatosha. Mutu iko, gari iko, shida iko. Na sawa ndiyo mpagazi mkubwa, inabeba kuliko zote. Bei iko sawa? Mgonjwa iko sawa? Hii na ile iko sawa? Kesho unakuja, sawa? Sawa. Nilikuwa nikikichekea, mimi niliyekaa Morogoro. Nilijiona najua kukizungumza na pia najua kukisahihisha. Sasa ngojeni niwaambie kilichonipata.

Kulikuwa na ofisi ndogo Koboko, karibu na mpaka, iliyokuwa ikiandikisha watu wanaovuka kutoka Sudani Kusini. Mtu tunayefahamiana akaniuliza kama ningeweza kwenda kutafsiri siku za kazi, kwa kuwa afisa wao alikuwa mwanamke wa kutoka magharibi ya nchi, Kiswahili hajui, Kikakwa hajui, Kiarabu cha Juba ndiyo kabisa. Nikaona afadhali hiyo kuliko kukaa nahesabu kuku wa jirani. Nikawa nalala kwa binamu yangu Koboko Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi ni Mlugbara, Kikakwa changu ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo kulikuwa na kijana mwingine wa Kikakwa na Kiarabu, mimi nikachukua wanaojua Kiswahili. Na ni wengi kuliko mnavyodhani. Waliowahi kukimbia wakakaa huku, waliowahi kuuza vitu Kongo, wote wana Kiswahili mfukoni.

Jumatatu moja, yule kijana wa Kikakwa alikuwa kwenye msiba. Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alikuja kwangu. Kabla ya saa sita akaingia mama mmoja mzee ameshika wasichana wawili, mmoja wa miaka kama saba, mwingine mdogo, wa minne au mitano. Mdogo alikuwa amevaa gauni la mkubwa, limekunjwa na kushonwa juu ya magoti. Mzee akajieleza kwamba yeye ni jirani tu. Ametoka nao Yei, huko Sudani Kusini. Mama ya watoto alitangulia kuvuka, naye ameacha ujumbe kwamba waletwe. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Aba, upande wa Kongo, ambako alikaa miaka mingi akiuza samaki wakavu, na tulielewana bila taabu.

Afisa alikuwa na karatasi yenye visanduku vya kutia alama. Akauliza kwa Kiingereza, hata hakuinua macho, kama watoto hawa ni wa mama semu.

Mimi nilikuwa nimetafsiri tangu saa mbili, koo limekauka, kichwa kinagonga. Nikamgeukia yule mzee nikasema, maneno yakatoka yenyewe, "Mama yao iko sawa?"

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hapana," akasema. "Hapana iko sawa."

"Hapana," nikamwambia afisa.

Akatia alama. Akauliza aliye wa yule mama aliyetangulia ni yupi. Nikauliza. Mzee akaweka mkono juu ya kichwa cha mkubwa, aliyekuwa karibu naye, na mkono wake ulikuwa unaelekea kwa mdogo, nina hakika, nauona mpaka leo mkono ule ukiwa njiani, lakini afisa alikuwa ameshainama kuandika na mimi nilikuwa nimeshaita anayefuata. Ndiyo hivyo. Hakuna mtu aliyewauliza watoto.

Kesho yake, Jumanne, tulikuwa tunakunywa chai ya rangi chini ya turubai nje ya ofisi. Yule mzee akaja akaketi karibu yangu. Akanishukuru. "Mwalimu, wewe iko mutu muzuri," akasema. "Hapa watu wanauliza karatasi, wanauliza namba. Wewe peke yako unauliza afya ya mama yao."

Nikamwambia, "Afya gani, mama?"

"Jana. Unaniuliza mama yao iko sawa. Nakuambia hapana. Iko hospitali Arua. Mguu yake inavunjika mbaya sana, ile siku ya kuvuka."

Chai ilinipanda puani. Nikataka kukiweka kikombe kwenye kiti cha pembeni nikakikosa, chai ikanimwagikia gauni. Mimi! Mimi ninayekata maneno ya watu kwa wino mwekundu! Nilikuwa nimeuliza hali ya mgonjwa, nikaipeleka mezani kama habari ya uzazi. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejichapa.

"Na hawa watoto," nikamwuliza kwa sauti ndogo, "mama yao moja?"

"Eh! Mama moja. Sasa mama ngapi?"

Niliingia ofisini mbio. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, sikuficha chochote, nikamwambia kosa ni langu, andika jina langu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, kama sisi. Akanionyesha karatasi. Kwa sababu ya ile hapana, mdogo alikuwa ameshaandikwa ni mtoto aliyefika bila mzazi wala ndugu. Karatasi yake ilikuwa imeshakwenda mbele. Alhamisi saa tano asubuhi gari lingekuja kumchukua, apelekwe kwenye makao ya watoto wa namna hiyo, mbali, siku nzima ya barabara, mpaka watu wake watafutwe. Mkubwa angepelekwa Arua kwa mama yake.

"Lakini watu wake ndio hao hapo nje!" nikasema, na sauti ilipanda, nakiri. "Wanakula mandazi!"

Akasema mpaka mama mwenyewe aseme, kwa maandishi, na shahidi atie sahihi. Kabla ya gari. Akaongeza kwa upole kwamba neno la mkalimani aliyekosea mara moja haliwezi kutosha mara ya pili. Hilo liliuma, na lilikuwa haki yangu.

Jumatano asubuhi nikarudi Arua. Siku nyingine nikipita Ombaci huwa natazama nje nikisalimia kimoyomoyo, nina ndugu pale. Siku hiyo nilijikuta nimefika mjini na sikuona kitu. Njia nzima nilikuwa nalipindua neno. Kwa nini sikusema mama moja? Neno lilikuwepo, hata mtoto wa sokoni analo. Baba moja, mama moja, ndivyo tunavyosema wote. Nikaona sababu ni kwamba nilisikia semu kwa sikio la kitabu. Katika kamusi yangu ya shule, mbele ya semu, jambo la kwanza lililoandikwa ni sawa. Nilitafsiri neno, sikutafsiri swali. Na mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa na mgonjwa moyoni, kwa hiyo alisikia kile alichokuwa nacho.

Nilimkuta mama yao wodini, mguu umetiwa plasta na kuning'inizwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso umekonda, macho makali. Alikulia hapa Arua wazazi wake walipokuwa wakimbizi, kisha akaolewa Yei, akafungua hoteli ndogo ya chai karibu na mahali malori yanapolala. Madereva wa Uganda, madereva wa Kongo, wote walikunywa kwake, na wasichana wake walikua wakisikia Kiswahili kuliko lugha nyingine yoyote. Nilijitambulisha. Nilimwambia nilichofanya. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kukaa kimya.

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Wamekula?"

Nikamwambia wamekula. Akapumua.

Nikatoa kalamu. Safari hii nikaketi, nikamtazama machoni, nikauliza polepole. "Hawa watoto wawili. Mama yao moja?"

"Mama yao moja," akasema. "Mimi."

Nikaandika kwa Kiingereza, mwandiko wangu mzuri kabisa wa ubaoni. Nilikuwa nimeshafika kwenye kituo cha sentensi aliposema, "Mukubwa mimi nazaa. Mudogo, dada yangu nazaa. Yeye nakufa, mutoto iko na siku nane. Mimi bado nanyonyesha huyu mukubwa, kwa sababu alikuwa mugonjwa-mugonjwa, hakuachishwa mapema. Basi naweka mudogo huku, mukubwa huku." Akajigusa kifuani, upande mmoja na wa pili.

Kalamu yangu ilisimama.

Nani hajui? Kwetu sisi dada ya mama ni mama. Mkubwa, mdogo, ni mama. Mtoto wa namna hiyo ukimwita yatima mbele ya huyu mwanamke anaweza kukurushia plasta. Lakini ile karatasi ya Koboko haikuzaliwa Arua. Nikafikiri: sentensi imeshaandikwa, ni nzuri, imekwisha, nani atajua? Nikafikiri hivyo kwa kweli, wala sioni haya kusema.

"Unaandika nini?" akaniuliza.

"Naandika mama moja."

"Na dada yangu?"

Nikaifunika ile sentensi kwa kiganja.

"Andika yote, mwalimu," akasema. "Mimi hapana iba mutoto. Kama sisemi dada yangu, kesho mutu mwingine anasema, halafu mimi nakuwa mwizi wa mutoto yangu mwenyewe." Kisha akanitazama, na hakuwa anauliza kwa hasira, alitaka kujua tu, kama yule msichana wangu wa darasa la nne. "Kwa Kiingereza, hiyo iko mama moja ama iko mama mbili?"

Shati moja au mawili. Nimestaafu, nimezika mume, nimejaza daftari, na bado sikuwa na jibu. Lakini sikumwambia akae chini. Nikamwambia, "Mama, sijui. Tutaona." Nikaandika yote. Alitia sahihi, muuguzi akatia ya ushahidi, na nilipoinuka nikamwambia anisamehe. Herufi zote sita zilitoka bila kunikwama kooni, mume wangu angeshangaa.

"Rudi na wao," akasema. "Wote wawili. Hiyo tu."

Alhamisi saa nne nilikuwa mbele ya meza ya afisa. Gari la makao lilikuwa limeshafika, limeegeshwa kwenye kivuli, mlango wazi, dereva anafuta kioo. Yule mzee alikuwa amesimama mlangoni, watoto mbele yake. Mkubwa alikuwa na njugu mkononi, anamenya, mdogo anaokota moja moja kutoka kiganja chake. Mkubwa alikuwa ameliona gari. Nilijua kwa jinsi alivyoshika ukosi wa gauni la mdogo wake kwa ule mkono mwingine.

Afisa akaisoma barua. Akairudia. Kisha akaiweka chini taratibu na kusema kwa Kiingereza chake safi, "Lakini mwalimu, basi si semu. Ile hapana yako ya Jumatatu ilikuwa sahihi."

Jamani. Nilikuwa nimekosea swali, nikakosea jibu, makosa mawili yamekutana njiani yakazaa kitu kilicho sahihi kwenye karatasi! Nikaanza kusema. Nilisema mengi. Nilimwambia dada ya mama kwetu ni nani, nilimwambia maziwa huku na huku, nilimwambia huko kwao pia najua wapo watoto wa namna hii na hakuna anayewaita jina jingine. Akasema ndiyo, wapo, hata yeye alilelewa na mama yake mdogo. "Lakini kisanduku kinauliza mama," akasema. "Nipe neno la kuandika humo. Nisaidie."

Nilisimama pale na Kiingereza changu chote na sikuwa na sentensi moja.

Ndipo afisa akageuza kiti, akainama mpaka uso wake ukawa usawa wa uso wa mdogo, akamwuliza moja kwa moja, kwa Kiingereza cha polepole, mama yake ni nani. Mtoto akanitazama mimi. Nikapiga magoti. Nikachunga kila neno kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

"Mama yako ni nani?"

Alikuwa na njugu shavuni. Aliitafuna kwanza akaimeza. Akatutazama sisi watu wazima wawili tunaouliza kitu ambacho kila mtu anakijua, kisha akaweka kidole kwenye kifua cha dada yake.

"Mama ya huyu," akasema.

"Amesema nini?" akauliza afisa.

Nilifungua mdomo kutafsiri neno kwa neno, halafu nikaufunga. Kwa sababu nilikuwa nimesikia. Daftari zima, kamusi nzima, miaka thelathini na moja, na hapa mtoto wa miaka minne alikuwa amenieleza neno lile lina maana gani, wala hakulitaja. Mama yangu ni mama ya huyu. Kama huyo ndiye mama yake, basi na wangu ni huyohuyo. Machozi yalinitoka palepale, sikuyazuia, yakaniharibia sauti.

"Semu," nikasema. Haikusikika. Nikakohoa nikasema tena, "Semu."

Afisa alikuwa na barua yote mbele yake, hakuna aliyemdanganya. Akachukua kalamu. Akakata ile alama ya Jumatatu mistari miwili, akatia mpya kando yake, akaandika jina lake. Kisha akatoka mwenyewe kwenda kumwambia dereva kwamba hakuna mtoto wa kuchukua. Alasiri ile niliwafikisha Arua, nikawaingiza wote wawili wodini, na mama yao alipowaona alifungua mikono tu, mmoja huku, mmoja huku.

Jioni nikiwa Awindiri nilifungua daftari niandike. Ndipo nikagundua nilikuwa nimelisema mara mbili, mbele ya afisa, kwa sauti, kama mtoto yeyote wa Onduparaka. Nikaliandika hivyohivyo, semu semu, na lile la pili sikulikata.